Shimo la majitaka lilikuwa ndani ya bei au nje? Jibu kwa mkandarasi wa mabomba wa Mikindani

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mkandarasi mdogo wa kazi za mabomba, nimesajiliwa, na ninaishi Mikindani, Mtwara. Mkandarasi mkuu alinipa kazi katika nyumba ya wageni ya vyumba 24. Tuliandikiana barua ya ukurasa mmoja, aliyoiandika yeye, inayosema nitafanya “kazi zote za mfumo wa maji safi na majitaka katika jengo, kwa ukamilifu wake” kwa shilingi 46,000,000. Nimelipwa 32,000,000. Kazi ilipoanza aliniagiza nijenge shimo la majitaka, shimo la kunyonya na chemba sita nje ya jengo, ambazo nimezidai 9,200,000. Msimamizi wake wa saiti akaniagiza nisimamishe mnara wa chuma wa tenki, 5,400,000. Mwenye nyumba akabadili mpangilio wa vyumba vya ghorofani, nikahamisha mabomba niliyokwisha kuyafunga, 1,650,000. Nilikodi pia kompresa ya kuvunjia mwamba kwenye mitaro, 3,100,000. Sasa mkandarasi mkuu anasema yote hayo yamo ndani ya “kwa ukamilifu wake”. Anakata 2,000,000 kwa sababu ya mabomba yanayovuja, na kinachobaki anasema atanilipa yeye akishalipwa. Kazi niliyobakiza ni kufunga masinki manne na kupima presha. Je, niondoe mafundi na kung’oa mnara wangu? Na haki yangu ni ipi?

Jibu: Marahaba, dada. Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja, pamoja na nakala ya mkataba na kotesheni uliyoiambatanisha, na nitaanza na lile la haraka, kwa sababu ukilikosea hilo mengine yote yataharibika. Usiwaondoe mafundi, na usiuguse mnara.

Mnara uliochomelewa na kufungwa kwenye msingi wa zege umekwisha kuwa sehemu ya mali ya mwenye kiwanja. Ukiung’oa, mkandarasi mkuu hatakuwa tena mdaiwa anayejitetea. Atakuwa mlalamikaji, na wewe utajikuta ukieleza polisi habari za kuharibu mali badala ya kueleza mahakama habari za deni. Kuhusu kuwaondoa mafundi, iko kesi ya Uingereza ya mwaka 1898, Sumpter dhidi ya Hedges, ambayo kila mkandarasi anastahili kuijua. Fundi alikubali kujenga nyumba mbili na banda la farasi kwa bei moja ya paundi 565. Alifanya kazi yenye thamani ya paundi 333 hivi, fedha zikamwishia, akaacha. Mwenye kiwanja akamalizia mwenyewe. Mahakama ilikataa kumlipa fundi yule kwa kazi aliyoiacha nusu, na alichopata ni thamani ya vifaa alivyoviacha saiti na mwenzake akavitumia. Sheria za Uingereza zilizokuwapo hadi tarehe 22 Julai 1920 zilipokelewa nchini petu, na mahakama zetu huzitazama pale ambapo sheria tulizojitungia hazijasema neno. Wewe umebakiwa na masinki manne tu. Yafunge, pima presha mbele ya shahidi, andika matokeo na mpe msimamizi wa saiti asaini. Akikataa kusaini, andika kwamba amekataa, weka tarehe na saa, na shahidi wako asaini. Kuanzia hapo mtu hawezi kusema hukumaliza.

Sasa haki yako. Tatizo kubwa ninaloliona katika madai yako ni kwamba umeyafunga yote katika kifurushi kimoja cha shilingi 33,350,000, yaani salio la 14,000,000 pamoja na nyongeza zote za 19,350,000, na yeye amekikataa kifurushi chote kwa maneno matatu ya mkataba, “kwa ukamilifu wake”. Madai haya hayana nguvu sawa. Mengine ni deni lisilo na ubishi, mengine yanategemea tafsiri ya maneno, na moja, nitakueleza kwa uwazi, sidhani utalipata. Ukiyadai kwa pamoja, lile dhaifu linampa mwenzako sababu ya kukataa hata yale yaliyo wazi. Yatenganishe, kila moja lisimame kwa miguu yake.

Nianze na shimo la majitaka na chemba, kwa kuwa hapo ndipo palipo na fedha nyingi na ugumu mwingi. Mkataba wenu ni wa bei moja ya jumla, si wa kupima na kulipa. Katika mkataba wa kupima, BOQ, yaani jedwali la vipimo na gharama za kazi, inaorodhesha kila kazi na bei yake, na kilichoongezeka kinapimwa na kulipwa. Katika mkataba wa bei moja, aliyeahidi ameahidi matokeo. Kitu ambacho bila hicho kazi haiwezi kuitwa kamili huhesabiwa kuwa kilikuwamo tangu mwanzo, hata kama hakuna aliyekitaja. Kanuni hii ni ya zamani. Mwaka 1858, katika kesi ya Williams dhidi ya Fitzmaurice, mjenzi aliyeahidi nyumba kamili kwa bei moja alidai mbao za sakafu ni kazi ya ziada kwa kuwa hazikuandikwa katika maelezo ya ujenzi. Alishindwa, kwa sababu nyumba isiyo na sakafu si nyumba iliyokamilika. Mkandarasi wako mkuu atasimama hapohapo. Atauliza ni mfumo gani wa majitaka uliokamilika ambao majitaka yake hayana pa kwenda. Hoja hiyo si ya kubeza, na ukienda mbele ya hakimu bila kuijibu utapoteza.

Jibu lako limo katika neno dogo ambalo yeye mwenyewe aliliandika. Barua inasema mfumo wa maji safi na majitaka “katika jengo”. Haikusema “wa jengo”, wala “wa nyumba ya wageni”, wala “wa mradi”. Mtu akikuambia “fagia katika nyumba”, hufikirii kufagia uwanja. Akisema “fanya usafi wa nyumba”, hapo pana nafasi ya kubishana. Neno “kwa ukamilifu wake” linafuata na kutegemea kile kilichokwisha kutajwa, yaani mfumo uliomo katika jengo, na haliwezi kuubeba mkataba nje ya kuta na kuupeleka hadi mwisho wa kiwanja. Iwapo hakimu ataona maneno hayo yanabeba maana zote mbili kwa haki, ipo kanuni ya kutafsiri mikataba inayosema utata usomwe dhidi ya aliyeyaandika maneno. Aliyeandika ni yeye. Angeweza kuongeza “pamoja na shimo na chemba za nje” kwa wino wa senti chache, na hakufanya hivyo.

Hata hivyo nisikupe matumaini ya neno moja pekee. Mkataba uliokwisha kuandikwa haubadilishwi kwa ushahidi wa mdomo, kwa hiyo kusema kwamba “tulikubaliana kwa maneno shimo halimo” hakutakusaidia sana. Lakini sheria ya ushahidi inaruhusu kuonyesha jinsi maneno ya hati yanavyohusiana na mambo yaliyokuwapo wakati yanaandikwa, na hapo una vitu vitatu vya kutafuta. Cha kwanza unacho tayari: kotesheni yako ya mkono ya mistari 31, uliyompa kabla ya barua, ambayo jumla yake ni 46,000,000 ileile na haina mstari wa shimo wala wa chemba za nje. Bei ya barua ilizaliwa na kotesheni hiyo, na ulinganifu wa tarakimu ni vigumu kuukana. Cha pili ni michoro aliyokupa. Umeandika kwamba mstari wa bomba la majitaka katika mchoro wa sakafu unaishia kwenye chemba ya kwanza, mita moja nje ya ukuta. Tunza karatasi hiyo kama unavyotunza hati ya shamba. Tena, kwa unyoofu, itoe hiyo chemba ya kwanza katika dai lako, kwa sababu mchoro unaonyesha ilikuwa mwisho wa kazi yako. Dai chemba tano zilizobaki, na hakimu atakuamini zaidi kwa hizo tano.

Cha tatu ndicho ninachokisisitiza, kwa kuwa wakandarasi wadogo wengi hawakifikirii: BOQ ya mkandarasi mkuu mwenyewe na mwenye nyumba. Kwa desturi ya wakadiriaji majenzi, mabomba ya ndani huwekwa katika sehemu ya jengo, na shimo la majitaka, shimo la kunyonya na chemba huwekwa katika sehemu ya kazi za nje, pamoja na ukuta wa uzio na njia za magari. Ikiwa BOQ yake imepangwa hivyo, basi yeye mwenyewe, alipokuwa akiuza kazi, alizihesabu kuwa kazi mbili, na pengine amelipwa kwa zote mbili. Mwombe mwenye nyumba kwa heshima akuonyeshe ukurasa huo. Asipotaka, wakili wako anaweza kuiomba mahakama iamuru hati hiyo iletwe.

Hapa niseme jambo linalonihusu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana katika taaluma hii, niliandaa mkataba wa fundi wa paa kwa niaba ya mkandarasi aliyeniajiri, huko Masasi. Nilimalizia maelezo ya kazi kwa maneno “na kazi nyingine zote zitakazohitajika”. Nilidhani ninamlinda mwajiri wangu. Fundi yule alijikuta akiweka mifereji ya mvua, dari ya varanda na ngazi ya kupandia kwenye matenki, vyote kwa bei ileile, na alimaliza kazi akiwa na deni dukani. Mwajiri wangu naye hakufaidika, kwani fundi hakurudi kurekebisha kasoro hata moja. Tangu siku hiyo sijaandika tena maneno hayo katika mkataba wa mtu, na ninapoyaona katika hati ya mwingine huwa naona sura ya fundi yule.

Iwapo mahakama itakubali kwamba shimo halikuwamo katika bei, swali linalofuata ni ulipwe kwa msingi gani wakati hamkukubaliana bei yake. Jibu liko katika kifungu cha 70 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu hicho kinasema, kwa maana yake, kwamba mtu akimfanyia mwenzake jambo kwa njia halali, bila kukusudia kulifanya bure, na mwenzake akafaidika nalo, huyo aliyefaidika lazima alipe fidia au akirudishe alichopewa. Sheria yetu ilichukuliwa kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, na namba ya kifungu ni ileile, kwa hiyo maamuzi ya India husomwa kwa makini katika mahakama zetu. Limo moja linalofanana sana na lako, la Mahakama ya Juu ya India, kati ya serikali ya jimbo la West Bengal na kampuni ya B. K. Mondal, lililochapishwa mwaka 1962. Kampuni ilijenga maghala kwa ombi la maofisa wa serikali, kisha ikaombwa kuongeza barabara, chumba cha walinzi, ofisi na jiko, bila mkataba uliofuata taratibu. Serikali ilizitumia kazi hizo, kisha ikakataa kulipa. Mahakama ilisema kwamba aliyeipokea kazi na kuitumia, hali akijua haikufanywa kwa zawadi, hawezi kuikumbatia faida na kuikataa gharama.

Kumbuka mambo mawili kuhusu kifungu hiki. Hakitumiki kwa kazi ambayo mkataba wenyewe umeitaja, ndiyo maana nimekaa sana kwenye neno “katika”: lazima kwanza shimo litoke nje ya mkataba ndipo liingie katika kifungu cha 70. Tena fidia yake ni thamani ya haki ya kazi, si lazima iwe ile bei uliyoiandika wewe. Kwa hiyo 9,200,000 zako zinahitaji kuthibitishwa kwa vipimo na risiti: saruji mifuko mingapi, tofali ngapi, nondo kiasi gani, siku za kazi za mafundi wangapi. Pale ambapo kotesheni yako ya awali ina bei ya kazi ya aina hiyohiyo, kwa mfano kuchimba mtaro kwa mita, tumia bei hiyo, kwa sababu mwenzako alikwisha kuikubali. Pale isipokuwapo, tumia bei za Mtwara za wakati ule.

Mnara wa tenki ni rahisi zaidi kuliko unavyodhani. Haumo katika kotesheni, haumo katika mchoro, na tenki lingeweza kukaa juu ya zege la paa kama mchoro ulivyoonyesha. Shida yako ni kwamba agizo lilitoka kwa msimamizi wa saiti kwa ujumbe wa simu, “weka na mnara, tutaongea”, na mkandarasi mkuu sasa anasema msimamizi hakuwa na mamlaka. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe kama huo kupokelewa kama ushahidi, ilimradi uaminifu wa namna ulivyotumwa na kutunzwa uonekane. Usiifute simu hiyo, usiiuze, wala usimpe mtoto aichezee. Chapisha mazungumzo yote na siyo mstari mmoja tu, yakionyesha namba na tarehe. Kuhusu mamlaka, tazama alichofanya bosi mwenyewe baada ya agizo: umesema alileta mifuko 10 ya saruji kwa ajili ya msingi wa mnara, akaja kuukagua ukiwa umesimama, na hakusema neno. Mtu anayepeleka saruji kwenye msingi wa mnara hawezi kusema hakuutaka mnara. Na yale maneno “tutaongea” yanakusaidia wewe, kwani kama mnara ulikuwa ndani ya bei, hakukuwa na cha kuongea.

Kuhamisha mabomba ya ghorofani kusikuchukulie muda. Ulifunga kwa mchoro wa kwanza, mchoro ukabadilishwa, ukarudia. Hakuna tafsiri ya “ukamilifu” inayomlazimu mtu kufanya kazi moja mara mbili kwa bei ya mara moja. Ambatanisha michoro yote miwili na picha ulizopiga kabla ya kubomoa.

Mwamba ndio dai ninalokushauri uliachie. Najua lilikuuma, kwa maana kompresa ilikaa saiti siku nyingi na mafuta yalikuwa yako. Lakini mitaro ya ndani ya jengo na ile inayofika chemba ya kwanza ilikuwamo katika bei yako, na katika mkataba wa bei moja hatari ya udongo ni ya aliyeahidi kuchimba, isipokuwa mkataba umesema vingine au amedanganywa kuhusu hali ya ardhi. Hukudanganywa. Wewe ni mtu wa Mikindani, unajua kwamba chini ya mchanga wetu wa pwani pana mwamba wa matumbawe, na kisima chochote cha jirani kingekueleza kina chake. Hakimu anayeishi Mtwara anajua hivyo pia. Sehemu pekee unayoweza kuitetea ni mwamba wa mitaro iliyokwenda kwenye mashimo ya nje, ila hiyo iweke ndani ya hesabu ya shimo, isiwe dai la peke yake.

Kuhusu mabomba yanayovuja, usimkatalie, ila usikubali tarakimu ya kubuni. Katika kesi ya Hoenig dhidi ya Isaacs ya mwaka 1952, kazi ya bei ya paundi 750 ilikuwa na kasoro za paundi 55 na ushee, na mahakama iliamuru fundi alipwe bei yake ikipunguzwa gharama halisi ya kurekebisha kasoro. Huo ndio mwelekeo wa haki. Mwandikie akuonyeshe ni viungo vipi vinavuja na gharama ya kila kimoja, na umwambie uko tayari kuvirekebisha mwenyewe ndani ya siku saba. Umesema viungo ni vinne na kwa hesabu yako havizidi 600,000 pamoja na kupaka rangi upya. Akikunyima nafasi ya kurekebisha, itakuwa vigumu kwake kueleza 2,000,000 zimetoka wapi.

Limebaki lile la “nitakulipa nikilipwa”. Ninalichukia neno hili, kwa sababu limefunga biashara za vijana wengi wa huku kwetu waliokopa vifaa kwa dhamana ya nyumba za wazazi wao. Uingereza ilikwisha kulipiga marufuku katika mikataba ya ujenzi kwa sheria ya mwaka 1996, isipokuwa pale anayetarajiwa kulipa amefilisika. Sheria yetu ya Mikataba haina kifungu kama hicho, kwa hiyo likiandikwa katika mkataba na ukasaini, una kazi ngumu. Kwa bahati yako halikuandikwa. Barua yenu inataja watu wawili tu, wewe na yeye, na ahadi ya kulipa ni yake. Kama mwenye nyumba amechelewa kumlipa, hilo ni deni kati yao. Kwa sababu hiyohiyo usimfungulie kesi mwenye nyumba. Huna mkataba naye. Unaweza kumpelekea nakala ya barua ya madai, na mara nyingi nakala hiyo pekee huharakisha mambo, kwa kuwa mwenye mali hapendi kufungua nyumba ya wageni yenye mgogoro.

Tuje kwenye vitendo. Kabla ya barua, pimeni. Mashimo yakifukiwa na nyasi kuoteshwa juu yake, kina na unene wa zege vitakuwa maneno matupu. Mwalike mkandarasi mkuu kwa maandishi, umpe siku na saa, na uende na mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa ambaye hana udugu na yeyote kati yenu. Pimeni urefu, upana na kina cha kila shimo na kila chemba, andikeni katika karatasi moja, msaini wote. Asipokuja, pimeni bila yeye na muandike kwamba alialikwa. Fanya hivyo sasa, kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijajaza maji mashimo, na kabla vibarua wako hawajatawanyika kwenda kuokota korosho Newala na Tandahimba, maana hao ndio mashahidi wako wa nani alisema nini saiti.

Barua ya madai iwe fupi kuliko hii yangu. Sehemu ya kwanza idai salio la 14,000,000 ambalo hata yeye hakulikana, ukipunguza 600,000 za kasoro ikiwa hatakuruhusu kuzirekebisha. Sehemu ya pili idai shimo na chemba, kwa vipimo. Ya tatu mnara, ya nne mabomba yaliyohamishwa. Kila sehemu iwe na kiambatisho chake na tarakimu yake, na useme wazi kwamba kubishania sehemu moja si sababu ya kuzuia nyingine. Mpe siku 14. Pendekeza mkutano wa usuluhishi mbele ya mtu mnayemwamini wote. Baraza la Taifa la Ujenzi nalo huwateulia wenye migogoro ya ujenzi wasuluhishi, ingawa kwa kiasi cha fedha kama hiki gharama ya usuluhishi rasmi inaweza kula sehemu kubwa ya ushindi, na barua yenu haina sharti linalowalazimisha kwenda huko.

Akinyamaza, nenda mahakamani. Muda wa kufungua madai ya mkataba ni miaka sita, lakini usiutumie. Tazama hesabu: ukiacha dai la mwamba na kuruhusu makato ya kasoro, madai yako yanakuwa 29,650,000, na ukiitoa ile chemba ya kwanza yanashuka zaidi kidogo. Mahakama ya Mwanzo ina uwezo wa kusikiliza madai ya deni la mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, na huko kesi huendeshwa kwa Kiswahili bila mlolongo mrefu wa hati. Mwenzako anaweza kupinga kwamba kifungu cha 70 si deni la mkataba, na tafsiri yenyewe ya barua ni nzito kidogo, kwa hiyo mwone wakili akuambie kama Mahakama ya Wilaya ingekufaa zaidi. Usijaribu kuyakata madai vipande viwili ili kila kimoja kiingie Mahakama ya Mwanzo. Sehemu utakayoiacha nje ya kesi ya kwanza unaweza kuipoteza kabisa.

Kabla hujakabidhi hati yoyote, hakikisha usajili wako katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi ulikuwa hai na wa daraja linaloruhusu kazi hii kwa muda wote uliokuwa saiti, kwa sababu hilo ndilo jambo la kwanza wakili wake atakalolitafuta. Kisha ipeleke barua ya mkataba ofisi ya TRA ikatozwe ushuru wa stempu. Ni fedha kidogo, na hati isiyolipiwa ushuru inaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Nimeona shauri zuri likisimama miezi kadhaa kwa sababu ya stempu hiyo.